Sauti za Chini za Klarineti ya Mozart

Wanakwaya wengi wanaijua Ave verum ya Mozart. Ni wimbo mfupi, vipimo 46 tu. Mozart aliuandika mwezi wa Juni 1791 kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia ya Baden karibu na Vienna, kwa sikukuu ya Mwili wa Bwana. Mwaka ule ule, wiki chache kabla ya kufa, alimaliza kazi nyingine ambayo hata watu wasiokwenda kanisani waipenda sana. Ndiyo konserto ya klarineti, yenye namba K. 622. Leo twataka kusema juu ya konserto hiyo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi waisikiao hawaambiwi: noti wanazozisikia, mahali kadhaa, si zile alizoziandika Mozart.

Konserto ni muziki wa orkestra ambamo ala moja hutangulia na kusema na wenzake wote, kama msomaji anayeimba zaburi na waamini wakamjibu. Hapa ala hiyo ni klarineti, yaani filimbi ya mti yenye ulimi mmoja wa tete, na funguo za kuzibia matundu ambayo vidole havifiki. Mozart hakuiandika kwa klarineti yo yote. Aliiandika kwa mtu mmoja, Anton Stadler, mpigaji wa orkestra ya Kaisari huko Vienna, na kwa klarineti ya Stadler, ambayo haikuwa sawa na za watu wengine. Fundi Theodor Lotz, mtengenezaji wa ala za kifalme, alimtengenezea klarineti ndefu zaidi, inayoshuka chini kupita zote. Siku hizi watu wa muziki huiita klarineti ya baseti. Sisi tutasema klarineti ndefu, yatosha.

Urefu huo ulileta nini? Wenye kusoma do-re-mi wataelewa upesi. Konserto hii imeandikwa kwa kufuata ufunguo wa La, na klarineti inayotumika ni ile ya La. Klarineti ya kawaida ikishuka hadi mwisho wa uwezo wake, inafika mi. Hapo mti umekwisha. Klarineti ya Stadler inapita mi, inafika re, inafika do, pamoja na nusu-sauti zilizo kati yao. Kwa hesabu ni nusu-sauti nne tu. Lakini fikirini, wasomaji: hiyo do ndiyo nyumba ya wimbo, mahali pale ambapo masikio hungoja sauti ifike ipate kupumzika. Klarineti ya kawaida yasimama mi, mlangoni. Klarineti ndefu yaingia ndani na kukaa.

Katika barua ya tarehe 7 Oktoba 1791 Mozart alimwambia mkewe Constanze jinsi alivyoagiza kahawa, akavuta kiko chake kwa raha, kisha akaiandikia orkestra karibu rondo yote ya Stadler. Rondo hiyo ndiyo sehemu ya tatu ya konserto. Tarehe 5 Desemba alikuwa amekwisha kufa, mwenye miaka 35. Katika orodha ya mali yake Stadler ameandikwa kuwa na deni la florini 500.

Na maandiko yenyewe, yale ya mkono wa Mozart? Hayapo. Mwaka 1800 mjane Constanze alimwandikia André, mchapaji wa Offenbach, habari ya maandiko aliyoyashika Stadler. Alisema Stadler adai kwamba sanduku lake la safari liliibiwa huko Ujerumani pamoja na karatasi hizo. Lakini wengine wadai kwamba sanduku hilo liliwekwa rehani kwa dukati 73. Wako waandishi ambao kwa maneno haya mawili wamekwisha kumhukumu Stadler kuwa mlevi wa fedha na mwivi. Sisi hatuoni haki ya kufanya hivyo. Mjane aliandika yale aliyoyasikia, na amri ya nane yahusu wafu pia. Lililo hakika ni kwamba karatasi hazikupatikana tena, wala konserto, wala kwinteti K. 581 ya klarineti na violini, ambayo Mozart aliimaliza tarehe 29 Septemba 1789 kwa ajili ya Stadler yule yule.

Basi, katika miaka 1801 na 1802 wachapaji watatu, André huko Offenbach, Sieber huko Paris, na Breitkopf na Härtel huko Leipzig, walitoa konserto hiyo. Lakini nani angenunua noti za ala ambayo mtu mmoja tu anajulikana kuwa nayo? Kwa hiyo noti zilirekebishwa zipate kupigwa kwa klarineti ya kawaida. Kila mahali wimbo uliposhuka kupita mi, ukapandishwa, mara nyingi oktava nzima, yaani sauti nane juu. Aliyefanya kazi hiyo hakutia jina lake. Watu wakanunua, wakapiga, wakazoea. Na karibu miaka 150 ikapita hivyo.

Tusimcheke mtu huyo asiye na jina. Kila mwalimu wa kwaya amefanya kama yeye. Unao wimbo wa sauti nne, na jumapili hii huna mtu wa besi isipokuwa kijana mmoja ambaye sauti yake haijakomaa. Akifika noti ya chini, hatoi kitu ila pumzi. Wafanyaje? Wampandishia noti. Misa inaendelea, hakuna aliyekasirika. Vibaya vyaanza siku ile kijana mwingine anaponakili daftari lako na kuandika noti iliyopandishwa kama ndiyo iliyoandikwa na mtungaji, na mwanafunzi wake akanakili kutoka kwake.

Jambo hilo lilionekana mapema. Mwezi wa Machi 1802, gazeti la muziki la Leipzig lilichapa maoni juu ya toleo la Breitkopf. Mwandishi wake, asiyejulikana kwa hakika, alisema wazi kwamba Mozart aliandika konserto hii kwa klarineti inayoshuka mpaka do ya chini, akaonyesha kwa mifano mahali palipobadilishwa. Hakukataa marekebisho, maana alijua kwamba klarineti ndefu ni chache. Alitaka tu maandiko ya asili yachapwe pia, na noti za marekebisho zitiwe kwa maandishi madogo, kila mpigaji aone mwenyewe. Kwa maoni yetu, hakuna mtu aliyesema neno la akili zaidi juu ya jambo hili zima, na alilisema kabla ya wengine wote. Hawakumsikiliza.

Je, hasara ni kubwa? Wako wapigaji hodari wanaosema hapana. Husema kwamba konserto imependwa na dunia nzima katika hali yake ya marekebisho, na kwamba nusu-sauti nne haziwezi kuwa roho ya kazi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini sisi hatuikubali.

Mozart alipenda kuifanya klarineti ijibizane na nafsi yake: mara iko juu kama sauti ya mtoto, mara imeruka chini kama mzee anayejibu barazani. Katika noti zilizochapwa yule mzee mara nyingine hana sauti. Wimbo washuka ngazi kwa ngazi, sikio lajua kabisa unakokwenda, na palipobaki hatua mbili waruka ghafula juu na kumalizia mahali pengine. Mtu asiyejua habari hizi hufikiri kwamba Mozart alitaka kutushtusha. Twakumbuka kwamba kwa muda mrefu tulizisifu ruka-ruka hizo kama ucheshi wa mtungaji. Na walimu wengine bado wazisifu mbele ya wanafunzi wao. Kumbe ni mti uliokatwa.

Tena, angalieni orkestra aliyoichagua. Hakutia oboe. Alitia filimbi mbili, fagoti mbili, pembe mbili, na jamii ya violini. Na mara nyingi klarineti inapopiga, aliagiza kontrabasi zile kubwa zinyamaze, selo peke yake zishike msingi. Twaona hapa mtu anayeondoa viti vizito sebuleni kwa sababu anamngoja mgeni atakayekaa chini. Ukipandisha noti za klarineti oktava nzima, nafasi ile yabaki tupu, na muziki mahali hapo huwa mwembamba kuliko alivyokusudia.

Wakatoliki wasishangae habari ya namna hii, maana yalitokea kwetu pia. Mwaka 1614 na 1615 kilichapwa Roma kitabu cha nyimbo za Misa kiitwacho Medicaea. Watengenezaji wake waliona kwamba nyimbo za kale za Kigregori ni ndefu mno, zina noti nyingi juu ya silabi moja, wakazikata na kuzinyosha kadiri ya desturi ya wakati wao. Katika karne ya 19 nyimbo hizo zilizokatwa zilichapwa tena na kuenezwa. Ni Wabenedikto wa Solesmes, huko Ufaransa, waliorudi kwenye maandiko ya mkono ya zamani. Dom Mocquereau alianza mwaka 1889 kuyachapa kwa picha, na kwa wimbo mmoja tu, Justus ut palma, alionyesha maandiko zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali, watu waone kwa macho yao kwamba yapatana. Mwaka 1903 Mtakatifu Pio X aliamuru Kanisa lirudie nyimbo katika hali yao safi, na mwaka 1908 Graduale ya Vatikano ikatoka.

Twaleta mfano huu kwa sababu mbili. Ya kwanza: mazoea ya miaka mia mbili hayafanyi kosa kuwa asili. Lakini ya pili ndiyo inayotuhangaisha zaidi. Wamonaki wa Solesmes walikuwa na mashahidi mia mbili kwa wimbo mmoja. Wanaotaka kuirudisha konserto ya Mozart hawana hata andiko moja kamili. Basi wanashika nini?

Wanashika vitu vitatu. Kwanza kuna karatasi za mkono wa Mozart mwenyewe, zilizohifadhiwa Winterthur huko Uswisi, ambazo ni mwanzo wa kazi hii alipokuwa bado anaiandika kwa ala nyingine, pembe ya baseti ya Sol, ambayo nayo yashuka chini. Zina vipimo 199. Sehemu ya kwanza ya konserto ina vipimo 359. Maana yake, kwa zaidi kidogo ya nusu ya sehemu ya kwanza twaweza kumwona Mozart akishuka. Kwa mengine yaliyobaki, na kwa sehemu mbili nzima zinazofuata, karatasi hizo hazisemi neno. Pili kuna yule mwandishi wa Leipzig wa 1802 na mifano yake michache. Tatu kuna kazi nyingine ambayo andiko lake halikupotea: opera La clemenza di Tito, iliyochezwa Prague tarehe 6 Septemba 1791 kwa sherehe ya kumvika Leopold wa Pili taji ya ufalme wa Bohemia. Ndani yake, katika wimbo «Parto, parto», Mozart ameandika klarineti ndefu kwa ajili ya Stadler, na noti za chini zipo, hakuna aliyezipandisha.

Kwa vitu hivi vitatu, na kwa kufikiri, watu wamejenga upya. Mwaka 1951 huko Prague Josef Janouš aliipiga konserto kwa klarineti ndefu, akifuata uchunguzi wa Jiří Kratochvíl. Mwaka 1973 Hans Deinzer aliirekodi pamoja na Collegium Aureum kwa ala ya namna ya zamani. Mwaka 1977 toleo jipya la kazi zote za Mozart, kwa mkono wa Franz Giegling, lilichapa konserto mara mbili katika kitabu kimoja: jinsi ilivyojengwa upya, na jinsi ilivyozoeleka. Hivyo ndivyo inavyofaa. Miaka 175 baada ya gazeti la Leipzig, mtu amepata kuona yote mawili na kuchagua. Tena katika miaka ya 1990 mwanachuoni Pamela Poulin alipata huko Riga matangazo ya konserti alizopiga Stadler mwaka 1794, na juu ya moja kuna picha ya klarineti yake. Kumbe haikuwa fimbo iliyonyoka kama mafundi walivyodhani! Mwisho wake umepinda, nao una kichwa cha mviringo kama kibuyu. Mafundi walilazimika kuanza upya.

Sasa tuwaseme wapigaji. Wako wanaotumia ala za kisasa zilizorefushwa, na Sabine Meyer ndiye anayejulikana kuliko wote. Aliirekodi mwaka 1990 pamoja na orkestra ya Dresden chini ya Hans Vonk. Kazi yake ni safi. Sauti yake ni ile ile kutoka juu hadi chini, kama nguo iliyofumwa kwa uzi mmoja. Anapofika do ya chini hakuna linalomsumbua. Twaisikiliza kwa furaha, na aliyesikia konserto hii mara ya kwanza kwa mkono wake amepewa zawadi njema. Lakini neno moja hutukwaza: kwa kuwa noti zote zatoka kwa urahisi ule ule, kushuka kule chini hakuna gharama. Ni ngazi moja zaidi ya nyumba ya saruji.

Wako wengine, kama Deinzer, na baada yake Eric Hoeprich, ambaye hutengeneza ala kwa mikono yake mwenyewe, wanaotumia miti na funguo chache kama za karne ya 18. Hapo mambo ni mengine. Noti nyingine zafunguka, nyingine zatoka zimefunikwa kidogo kama mtu anayesema nyuma ya pazia, kwa sababu kidole hakina ufunguo na lazima azibe matundu kwa njia ya kupinda. Noti za chini kabisa zashikwa na kidole gumba, nacho kimekwisha kubeba uzito wa ala. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuzichezea ovyo. Akishuka, ameamua kushuka. Wasikilizaji waliozoea sauti laini za kisasa watanung'unika mwanzoni. Wakivumilia mpaka Adagio, yaani sehemu ya pili, nadhani watanyamaza. Sisi twachagua hizo, ingawa twakiri kwamba orkestra za namna hiyo katika rekodi za kwanza zilikuwa na violini zenye ukali wa kutosha kunoa kisu.

Lakini liko kosa ambalo twaliona kwa wapigaji wa pande zote mbili, nalo ni baya kuliko la mchapaji wa 1801. Mtu amenunua klarineti ndefu, amelipa fedha nyingi, ana funguo nne mpya. Basi atazitumia. Kila mahali apatapo nafasi anateremka, hata pale ambapo hakuna shahidi ye yote, hata pale ambapo noti zilizochapwa zaenda vizuri kabisa bila mruko wo wote. Ukimwuliza, asema, «Pengine Mozart aliandika hivi.» Pengine! Katika «Parto, parto», ambamo kalamu ya Mozart yaonekana, noti za chini hazimwagwi kama maji. Anayezimwaga katika konserto hamrudishii Mozart alichonyang'anywa, anamwandikia. Yule wa kwanza alipunguza kwa sababu wanunuzi hawakuwa na ala. Huyu anaongeza kwa sababu anayo. Na wote wawili waandika juu ya jalada jina moja tu, la Mozart.

Na kijana mwenye klarineti ya kawaida, wala hawezi kupata nyingine? Apige. Asimwache mtu amwambie kwamba anapiga kitu cha uongo. Sehemu kubwa ya konserto haikuguswa. Nyimbo zile za Adagio zinazofanya watu wainamishe vichwa ni za Mozart noti kwa noti, na klarineti yake yazitosha. Lakini mwalimu wake ampe karatasi iliyotiwa alama kwa penseli pale ambapo noti zimepandishwa, apate kujua kwamba mruko ule si wa kuchekesha, bali hapa palikuwa na njia ya kushuka. Ataupiga kwa namna nyingine akijua hivyo. Ataufanya mfupi, hataujivunia.

Anayetaka kujaribu masikio yake asianze na konserto yote. Achukue sehemu ya kwanza peke yake, katika rekodi mbili, moja ya klarineti ya kawaida na moja ya klarineti ndefu. Asikilize ile ya kawaida kwanza, na kila aonapo klarineti imeshuka kisha ikaruka juu bila sababu, aandike dakika. Halafu aweke rekodi ya pili na kungoja mahali pale pale. Pengine mpigaji naye ataruka, maana si kila mruko ni wa mchapaji. Mozart naye aliruka alipotaka. Pengine atapita mi, atapita re, na kukaa.